Nani Kasema Mnywa Chai Hana Mgongo?

Kuna uongo mmoja umezoeleka kwenye hoteli zetu za chai mpaka umekuwa kama ibara ya Katiba: eti benchi likiwa na raha, mteja haondoki. Nimeusikia Same stendi, nimeusikia Mwanga mjini, na nimeusikia huko juu kabisa Ugweno, Kifula na Shighatini, kwenye vibanda ambavyo saa nne ya asubuhi vina wateja wawili na nzi watatu. Haondoki aende wapi? Na huyo anayesubiri nje ili achukue nafasi yake ni nani? Nauliza kwa heshima zote. Kama kuna foleni, mimi sijaiona.

Nalisema hili humu, katika jarida la watu wanaojiita waandishi, huku nikijua mtacheka. "Jamaa kaishiwa mada, kaja na mabenchi." Chekeni. Mkimaliza kucheka rudini, maana nitafika na kwenu.

Hebu tulitazame hilo benchi lenyewe. Ubao mmoja, upana inchi nane, unene inchi moja, au pungufu kidogo kwa kuwa mpasua mbao naye ana watoto wa kulisha. Chini miguu iliyopigiliwa misumari kutokea juu. Baada ya miezi sita vichwa vya misumari vimechomoza na kila suruali ya kijiji ina alama yake. Nyuma hakuna pa kuegemea isipokuwa ukuta wenye masizi. Na ukikaa mwishoni mwa benchi, halafu mwenzako wa upande wa pili akainuka ghafla kumwita mtu barabarani, basi wewe na kikombe chako mnakwenda chini. Watu wanacheka. Mwenye hoteli anakudai kikombe.

Wengi wanadhani huo ni mkosi. Ni hesabu tu. Ubao wa inchi moja ni mwembamba. Ukiuwekea miguu mbali na mbali, unabonyea katikati kama machela. Fundi analijua hilo, kwa hiyo anaisogeza miguu ndani, futi moja na nusu kutoka kila mwisho. Katikati sasa hapabonyei, lakini miisho yote miwili inaning'inia hewani, na anayekaa pale amekalia mzani. Ugonjwa wa kwanza umezaa wa pili. Dawa ni unene. Ukiongeza unene wa ubao mara mbili, ugumu wake wa kubonyea unaongezeka mara nane. Hata ukitoka inchi moja ukaenda inchi moja na nusu tu, ni zaidi ya mara tatu. Ukiwa na ubao wa namna hiyo unaipeleka miguu mpaka inchi sita kutoka mwisho, na mambo ya kudondoshana yamekwisha, labda kwa watani.

Kimo nacho ni kasheshe. Mabenchi mengi niliyoyapima kule, kwa futikamba ya kuazima, yanakaribia inchi 19. Kwa nini 19? Nilimuuliza fundi mmoja wa Ugweno, mzee wa heshima zake, akanijibu bila kusita: "Mwanangu, ubao ni futi 12. Ukate mara nane, unapata miguu ya inchi 18, hamna makombo. Weka na ubao wa kukalia juu, basi." Sasa niambieni, kumbe kimo cha goti la bibi yangu kimepangwa na urefu wa gogo! Bibi mwenyewe nyayo zake hazifiki chini. Ukingo wa ubao unambana nyuma ya mapaja, damu inasita, dakika kumi miguu imekufa ganzi, na akiinuka anayumba tukidhani ni uzee.

Na ajabu ni kwamba hata hesabu ya ubao haikuwa upande wake yule mzee. Benchi la kukaa watu wazima wa kila namna linataka inchi 17 hivi kutoka sakafuni. Toa inchi moja na nusu ya ubao wa kukalia, mguu unabaki inchi 15 na nusu. Ubao ule ule wa futi 12 unatoa miguu tisa ya kimo hicho, na inchi nne na nusu zinabaki kwa ajili ya unga wa msumeno na kabari moja mbili. Tisa badala ya minane. Raha ya bibi ilikuwa ni nafuu kuliko ganzi yake, miaka yote hiyo.

Nirudi kwa wenye hoteli, maana wao ndio wenye ile falsafa ya "haondoki". Wanadhani wameigundua wao. Mwaka 2012 halmashauri ya Camden, London, ilileta benchi la zege lililokatwa mishazari kila upande, makusudi, ili mtu asiweze kulala juu yake, wala kijana asiteleze na ubao wake wa magurudumu, wala asiwepo wa kuficha kitu. Watu walikaa kitako, wakalipwa, wakabuni usumbufu. Wenzetu wale angalau walijua wanachokifanya. Sisi tunaufikia usumbufu ule ule bila ramani, kwa mazoea tu, halafu tunauita biashara.

Biashara kweli? Twende Vienna. Mji ule umesifika kwa mikahawa ambayo mtu anaagiza kikombe kimoja, anakaa na gazeti mchana kutwa, na mikahawa yenyewe haijafa. Seremala Michael Thonet mwaka 1859 aliwatolea kiti chake namba 14: vipande sita vya mbao zilizokunjwa kwa mvuke, skrubu kumi, nati mbili. Vikifunguliwa, viti 36 vinaenea katika sanduku la mita moja kila upande. Kiti chepesi, kinabebeka, na mgongo kinaupokea. Kilijaa mikahawani huko na kwingineko. Hakuna aliyesema, tukiwapa mgongo watatufilisi.

Lakini kwa nini nihangaike na Vienna wakati Unguja ipo? Baraza za Mji Mkongwe, na za Lamu vilevile, zimejengwa kwa mawe pamoja na nyumba yenyewe, pana za kutosha mtu akunje miguu, ukuta nyuma yake. Muuza kahawa anapita na birika lake pale Jaws Corner na hamfukuzi mtu. Anajua kwamba aliyekaa ndiye anayekunywa, na anayekunywa kikombe cha kwanza cha kahawa chungu hana budi atataka kashata, na baada ya kashata kahawa tena. Mteja aliyekaa vizuri ana masikio ya kusikia kwamba chapati zimetoka jikoni. Mteja aliyekalia msumari anasikia msumari.

Siku ya gulio nakubali. Siku ya gulio watu ni wengi, nafasi hakuna, na kila mtu ana mzigo na gari la kuwahi. Lakini siku hiyo hakuna haja ya kumfukuza mteja kwa ubao. Anafukuzwa na honi. Tusilipange benchi la wiki nzima kwa ajili ya saa tatu za gulio.

Jambo lingine linaloniudhi ni kwamba huko huko mlimani mbao nzuri zipo na mafundi wapo, ila viko kwenye nyumba za Desemba. Mnazijua. Tunatoka Dar na Arusha mwisho wa mwaka, tunapandisha kutoka Mwanga, tunapita Kikweni, tunafungua nyumba iliyofungwa miezi kumi na moja. Ndani kuna seti ya makochi ya mninga uliosafirishwa kutoka mikoa ya mbali, yamechongwa maua na simba, yamefunikwa vitambaa vya kufuma, na hakuna anayeruhusiwa kuyakalia isipokuwa mgeni, na mgeni mwenyewe haji. Asubuhi tunatoka kwenye makochi hayo tunakwenda kunywa chai kibandani, tunakalia ubao wa inchi nane pamoja na wazee wetu, tunasema "aah, maisha ya kijijini bwana, ndiyo asili yetu". Asili gani? Ugweno ni nchi ya wahunzi. Kabla Wasuya hawajautwaa utawala, waliokuwa wakitawala ni Washana, ukoo wa wafua chuma, na majembe na mikuki ya huko ilitafutwa mpaka Uchagani. Watu waliojua kuyeyusha jiwe mpaka likawa jembe ndio leo tunawasingizia kwamba asili yao ni ubao na misumari minne.

Na siku kibanda kikipata pesa kidogo, mwenye hoteli hamwiti seremala. Ananunua viti vya plastiki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, viti vikapona. Mwaka wa kwanza vinang'aa, wa pili mguu unapasuka, wa tatu umeshonwa kwa waya kama kiatu. Mti wa mgrivelia umesimama hatua ishirini nyuma ya kibanda, unatoa kivuli kwenye kahawa, unamtazama.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya hoteli. Mwaka 2016 nchi nzima ilikuwa na homa ya madawati; Bunge lenyewe lilitoa shilingi bilioni 6 kwa kazi hiyo, na jambo lilikuwa jema, watoto waliinuka kutoka sakafuni. Lakini taarifa zote nilizosikia zilikuwa za idadi. Mkoa huu madawati elfu kadhaa, wilaya ile bado mia kadhaa. Sikusikia hata siku moja kiongozi akisema nyayo za mtoto wa darasa la kwanza zinafika chini au hazifiki. Tumefundishwa kukaa vibaya tangu tukiwa na miaka saba, kwa hiyo tunapokuwa wanywa chai hatujui kwamba tunaonewa.

Basi, tusilaumu tu. Benchi lenyewe liweje? Mimi na yule yule fundi mzee tumekuwa tukilipanga moja kwa ajili ya kibanda kimoja cha Ugweno, na nitawapeni jinsi lilivyokaa, anayetaka kuiba aibe.

Mti: mgrivelia. Tusianze hadithi za mvule na mkangazi. Wala mtu asinyemelee misitu ya Kindoroko na Minja na msumeno, ile ni hifadhi na ndiyo inayotupa maji. Mkaratusi ni mgumu lakini unapasuka na kupinda bila kuaga. Msindano ni laini na utomvu wake unawafuata watu nyumbani kwenye nguo. Mgrivelia uko shambani, ulipandwa, unapandwa tena, na ukipigwa randa vizuri unatoa madoa ya kung'aa ambayo mninga wenyewe hauna. Ubaya wake ni mmoja: ukiutumia mbichi utajikunja mpaka benchi lionekane linasalimia. Lazima upangwe kivulini, vijiti katikati ya kila ubao na ubao ili upepo upite, na mafundi wa zamani wanakadiria mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Hapa ndipo vijana tunaposhindwa. Tunataka benchi Ijumaa.

Urefu wa benchi futi sita. Watu watatu kwa raha, wanne kwa undugu. Kina chake, kutoka mbele hadi mahali mgongo unapoanzia, inchi 16, yaani mbao mbili za inchi nane, na katikati yao mwanya mwembamba ili chai ikimwagika na maji ya kufutia yapite chini yasikusubiri wewe. Ukingo wa mbele upigwe randa mpaka uwe mviringo. Hiyo ni kazi ya dakika kumi na ndiyo tofauti kati ya paja lililopumzika na paja lililochorwa. Upande wa nyuma ushuke robo tatu ya inchi kuliko mbele. Haionekani kwa macho. Makalio yanaiona.

Egemeo ndilo tuliloligombania. Mzee alitaka lisimame wima, "kama kanisani". Nikamwambia kanisani tunakwenda kutubu. Tukaweka mabenchi mawili ya majaribio kwa matofali na mbao chakavu, tukawaita watu wakae: bibi mmoja, dereva wa bodaboda, mama mwenye mtoto mgongoni, na mzee mwenyewe. Tukakubaliana egemeo la inchi 16 kwenda juu, na ncha yake ya juu iende nyuma inchi tatu. Chini yake paachwe wazi inchi sita, maana binadamu hakuumbwa bapa kule nyuma. Yule mama mwenye mtoto ndiye aliyetufundisha kitu ambacho hata kitabu kisingetufundisha: egemeo linambana mtoto. Kwa hiyo theluthi ya benchi, upande wa mlangoni, haina egemeo kabisa. Anakaa, mtoto anapumua, na akitaka kuondoka hapiti mbele ya magoti ya watu.

Upande wa pili tukaweka mkono wa kushika. Si wa kulalia kiwiko kama bosi. Ni wa kuinukia. Mwangalieni mzee akitoka kwenye ubao ule wa zamani: anashika meza, meza inayumba, vikombe vinalia, anaona haya, kesho haji. Mkono mmoja wa mti unarudisha mteja.

Viungo: ulimi na tundu, kwa juba na patasi, na gundi. Hakuna msumari hata mmoja pale mtu anapokaa. Miguu miwili ya kila upande imeunganishwa chini kwa ubao wa kukingama, lakini uko nyuma, ili mbele unyayo uweze kurudi chini ya benchi. Mtu hawezi kuinuka bila kuvuta nyayo nyuma, jaribuni sasa hivi hapo mlipo. Huko chini panabaki nafasi ya kapu na mkungu wa ndizi. Na kwa kuwa sakafu ni ya udongo na Ugweno hakuna mahali palipolala sawa, kila mguu unakalia jiwe bapa, lililopimwa kwa pima maji. Mchwa nao watapata shida kidogo kupanda.

Hayo ndiyo yote. Hamna uchawi wala Uzungu. Ni futikamba, kuwauliza wakaaji, na kuacha mbao zikauke.

Sasa nyie waandishi. Nilisema nitafika.

Mashairi ya Upare nimeyasoma mengi humu na kwingineko. Ukungu upo. Milima ipo, tena inalia, sijui kwa nini milima yetu inalia kila shairi. Upepo unanong'ona. Lakini hakuna mtu aliyekaa. Hakuna randa wala juba, na guniya mshairi anadhani ni gunia limekosewa na mchapaji. Mti ni "mti". Mshikaji anaandika kurasa nne juu ya babu yake anayekunywa chai, na hajui babu anakalia nini, kwa sababu yeye mwenyewe alikaa pale dakika tano akaondoka na maumivu ya kiuno akidhani ni huzuni ya kisanaa.

Na hapa ndipo jambo linapoacha kuwa la useremala. Kigweno ni lugha ya pekee kule milimani. Ina undugu na Kichaga kuliko Chasu cha majirani. Wanaokisema kwa ufasaha ni wazee, na vijana wengi tunakisikia zaidi kuliko tunavyokisema. Tunakisikia wapi? Si shuleni. Redioni hakipo. Tunakisikia kwenye kibanda cha chai, babu wawili wanapobishana juu ya mpaka wa shamba uliowekwa kabla ya uhuru. Ubishi ule unataka saa moja na nusu. Dakika ya kwanza hadi ya ishirini ni salamu na hali ya mvua, kwa Kiswahili, kwa ajili yetu. Kigweno chenyewe kinaanza wanapokasirika. Sasa kama mgongo unamfukuza mzee dakika ya ishirini na tano, wewe mwandishi utapata nini? Utapata salamu na mvua. Halafu utarudi Dar, utaandika kwamba milima inalia.

Mtu ataniambia waleteni wazee sebuleni, kwenye makochi ya simba, washa kinasa sauti. Nimeona hiyo. Mzee akikalishwa kwenye kochi lenye kitambaa anaanza kuhutubia. Anasema "sisi wazee wenu". Hamsemi mtu, hatani, hatukani. Kibandani anatukana vizuri sana.

Kwa hiyo mnaotaka semina, jukwaa, ukumbi na ufadhili, mimi naomba mbao nne za mgrivelia zilizokauka.

Mwenye kibanda, mama mmoja anayejua hesabu kuliko wote niliowataja, amesikiliza mipango yetu hadi mwisho. Hakuuliza habari za egemeo wala ganzi. Aliuliza: "Wakikaa sana, chai yao ikipoa wataniambia niwapashie bure?" Tukamwambia hapana, wataagiza nyingine. Akasema atalipa nusu, na kwamba ule ubao wa zamani hautupi, ataupeleka jikoni aukalie yeye akimenya viazi. Tumemkatalia, tutamchongea kigoda.

Mbao zimepangwa kivulini kwa fundi tangu mwaka jana. Nusu ya pili ya fedha tumewaandikia watu wa nyumba za Desemba. Mpaka naandika hapa amejibu mmoja, anataka kujua kama jina lake litachongwa kwenye egemeo. Tumemjibu litachongwa, ila chini ya ubao wa kukalia, upande unaotazama sakafu. Bado tunamngoja.